Yule dogo wa Kirusi na swali lenu la "mbona nyie hamtoboi"

Haya leo nipo off ngoja niwajibu, maana mmenisumbua wiki nzima. Kwa ambao hawakuwepo, ilikuwa hivi: binamu yangu wa Tanga kaona klipu ya yule dogo wa Kirusi wa hoki ya barafuni, Ivan Demidov, katua Canada mwezi wa nne 2025, mechi yake ya kwanza kabisa hapa Montreal kapiga goli na asisti ndani ya kipindi cha kwanza, uwanja mzima umesimama. Ndo akauliza, na wengine mkadakia, kwamba huyu ana miaka 19, katoka Urusi juzi tu keshatoboa, nyie mliokaa huko miaka yote bado mnabeba maboksi, tatizo nini? Halafu mdogo wangu anayecheza winga kwenye soka naye akaongeza lake, kwamba anataka kuuza kiwanja alichopewa na baba amlipe wakala wa kumpeleka majaribio nje.

Nianze na Demidov, maana mmeona dakika moja mkadhani ndo habari yote.

Huyo dogo kazaliwa Desemba 2005, kwao Sergiyev Posad, sio mbali na Moscow. Kalelewa kimchezo kwenye mfumo wa SKA ya St. Petersburg, na SKA ni klabu ya wenye hela, kocha wa vijana analipwa, barafu ipo, gym ipo, daktari yupo. Msimu wa 2023-24 kwenye ligi yao ya vijana alicheza mechi 30 akapata pointi 60, yaani magoli na asisti ukijumlisha, pointi mbili kila mechi, huo ni uonevu. Mwezi wa sita 2024 zile timu za NHL, ligi kuu ya hoki ya Marekani na Canada, zikagawana vijana kwa zamu kama kila mwaka, Montreal Canadiens, timu ya hapa kwetu, wakamchukua wa tano. Sasa hapa ndo msikilize. Hakupanda ndege. Alikuwa na mkataba na SKA, na Warusi na NHL hawana makubaliano ya kuuziana wachezaji, kwa hiyo mkataba mpaka uishe au klabu iamue yenyewe kukuachia. Akarudi akacheza na watu wazima msimu mzima, mechi 65, magoli 19, pointi 49, na KHL, ligi kuu ya huko, ilikuwa haijawahi kuwa na mtu chini ya miaka 20 aliyefikisha pointi hizo. Na bado kuna mechi kocha alimpa dakika chache tu, nyingine zote yupo benchi na jasho limekauka. Huku watu walikuwa wanafuatilia dakika zake kama mnavyofuatilia matokeo ya Simba na Yanga, wengine wamenuna kabisa.

SKA walipotolewa kwenye mtoano ndo klabu ikakubali kuvunja mkataba wiki chache kabla haujaisha, akasaini, akaja. Hiyo "juzi" yenu ina miezi kumi tangu achaguliwe, na nyuma yake kuna utoto wake wote.

Na kufika sio mwisho. Uwanja wenyewe ni mwingine. Wa NHL upana wake ni kama mita 26, wakati Ulaya na Urusi kijana anazoea viwanja vipana zaidi, vipo mpaka vya mita 30. Mita nne mnaona ndogo? Kwa winga ni kila kitu, kule ukipokea paki, kile kisahani wanachopiga badala ya mpira, pembeni una nafasi ya kuinua kichwa na kuchagua, huku ukiinua kichwa tu beki wa kilo mia keshakubamiza ukutani, na kukubamiza ni halali ilimradi una paki. Mechi nazo msimu ule zilikuwa 82 badala ya 68 za Urusi, unalala mji huu unaamka mwingine. Kinachomsaidia Demidov ni ile staili yake ya kuteleza kainama, visigino vinatazamana, anageuka upande wowote bila beki kujua anaelekea wapi, hiyo hata sehemu finyu inafanya kazi. Kwangu mimi alikuja akiwa tayari kwa mikono na akili, mwili na kukaba bado. Ile siku ya klipu yenu mnajua tulifungwa? Chicago, moja ya timu mbovu kabisa msimu ule, walitushinda 4-3 kwa matuta. Baadae Washington wakatutoa kwenye mtoano mechi 4 kwa 1, goli hakupata.

Mrusi mwenzake Matvei Michkov ndo mfano mzuri zaidi. 2023 wengi walisema ni mtu wa kugombaniwa juu kabisa, ila mkataba wake na SKA ulikuwa unaenda mpaka 2026, timu zikaogopa kusubiri, akashuka mpaka wa saba, Philadelphia wakamchukua. SKA wakamwachia 2024. Msimu wake wa kwanza magoli 26, hakuna mchezaji mpya wa ligi aliyemzidi, na huyo huyo mwezi wa 11 kocha alimweka nje kabisa ya kikosi ajifunze kukaba. Mtoto aliyekuwa staa kwao anavalia suti anatazama wenzake. Hayo nayo ni maisha ya ughaibuni, mjue.

Na wapo walioshindwa, hao klipu zao hamtumiwi. Nail Yakupov alichaguliwa wa kwanza kabisa 2012, ilipofika 2018 karudi zake Urusi. Vitali Kravtsov, wa tisa 2018, alipoambiwa aanzie ligi ya pili aligoma akaenda zake Chelyabinsk, akaja tena, akaondoka tena. Ligi ya pili sio mchezo, mshahara unashuka sana, mnasafiri kwa basi, mashabiki wachache. Halafu kuna Kirill Kaprizov alichaguliwa wa 135 mwaka 2015, akatulia kwao miaka mitano mpaka kaiva, alipokuja Minnesota akawa mchezaji bora mpya, na 2025 kasaini dola milioni 136 kwa miaka minane. Wakati anakawia kwao hakuna aliyekuwa anamwonea wivu.

Sasa mimi na maboksi. Mimi nilikuja na cheti cha umeme cha nyumbani na kazi nilikuwa naijua, huku wakakiangalia wakaniambia vizuri, rudi darasani, na darasa lenyewe Kifaransa. Quebec wana sheria ya 2022, baada ya miezi sita mgeni serikali karibu mambo yote inaongea nae Kifaransa. Usiku nabeba boksi ghalani, mchana shule, mkipiga simu mimi ndo nimelala mnasema najidai. Hakuna timu iliyonisubiri, wala mkalimani, makaratasi nimeyahangaikia mwenyewe. Demidov alitafutwa, mimi nilijileta, hiyo ndo tofauti binamu, na wote wawili bado tunapangiwa zamu na mtu. Na usidhani hela yake yote anaiweka mfukoni, wachezaji wapya wa ligi mshahara una kikomo, mkataba wake wa kwanza ni chini kidogo ya dola milioni kwa mwaka, na Quebec kile kipande cha juu cha kipato kikubwa kinakatwa zaidi ya nusu kwa kodi. Mimi wa maboksi nakatwa kidogo, faida mojawapo ya umaskini.

Shangazi aliuliza kama weusi wa kwetu wanaweza hoki. Kenya wapo, Ice Lions, wanafanyia mazoezi kwenye kiuwanja cha barafu pale hoteli ya Panari Nairobi, 2018 Tim Hortons waliwaleta Canada wakacheza na Sidney Crosby na Nathan MacKinnon. Mchezo wanauweza shangazi, barafu ya kutosha ndo hamna.

Mdogo wangu, la kwako. Kiwanja usiuze. Mchezaji anayetakiwa nauli halipi yeye, analipiwa, hata huyo Mrusi wenu alilipiwa. Wakala akitaka hela yako kwanza basi biashara yake ni wewe, sio mpira. Mwambie akuonyeshe barua ya klabu yenye jina la klabu na namba ya simu ya ofisi, piga picha nitumie, ntapiga mwenyewe jumatatu mchana nikitoka shule. Akianza kusema barua ipo njiani, achana nae. Na kwenye ligi daraja la kwanza msimu huu umecheza mechi ngapi hujaniambia, nimekuuliza mara mbili unanitumia emoji.