Jibu: Kuzunguka Simbi Nyaima na watoto

Dada, umeuliza kama kikundi chenu cha kanisa, watoto wakiwemo, kitaweza kuzunguka ziwa Simbi Nyaima, lile la karibu na Kendu Bay, na kurudi Kisumu siku hiyo hiyo. Mtaweza, tena bila presha. Ziwa lina upana wa kama kilomita moja tu. Pandeni matatu ya Kendu Bay kupitia Katito, alfajiri, maana jua likipanda kivuli ni cha kutafuta. Maji yake ni ya magadi, hayanyweki, bebeni yenu. Heroe wakiwepo, msiwakaribie: mtawaona wamepindua midomo majini wakichuja mwani. Mzee wa pale akianza kisa cha bikizee aliyenyimwa chakula, kijiji kizima kikazama, msimkatize. Raba zinatosha, ndala ziacheni nyumbani.