Mgonjwa anayejibu "ndiyo, muganga"

Wadogo zangu mnaoanza staji, mafunzo ya kazi hospitalini, hapa Goma, nianze na kosa langu. Katika zamu zangu za kwanza za usiku aliletwa papa aliyeanguka na chukudu yake, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo, kichwa kimechubuka. Nikamwinamia: "Papa, unajua uko hospitali?" "Ndiyo, muganga." "Umeanguka leo?" "Ndiyo, muganga." Nikaandika V5, alama kamili ya maneno katika kipimo cha fahamu cha Glasgow, kwenye fishi, karatasi ya mgonjwa, nikaenda kitanda kingine. Nusu saa baadaye muuguzi mkubwa wa zamu akapita, akamuuliza kwa upole uleule: "Papa, wewe ndiye mama wa huyu mtoto?" "Ndiyo, muganga." Hakunigombeza. Alinirudishia kalamu tu.

Kwetu watu humjibu muganga "ndiyo" kwa heshima, hata wakiwa hawajui waliko. Kwa hiyo uliza maswali ambayo "ndiyo" haiwezi kuyajibu: unaitwa nani, hapa ni wapi, tuko mwezi gani. Na ndugu waliozunguka kitanda wanyamaze! Shangazi akinong'ona "sema Goma, sema Goma", unampima shangazi.

Kipimo cha Glasgow, kilichotolewa mwaka 1974 na Graham Teasdale na Bryan Jennett, mmeshakikariri shuleni: macho 4, maneno 5, mwendo wa viungo 6, jumla kuanzia 3 hadi 15. Kwenye maneno, 5 na 1 hazisumbui. Anayejibu yote sawasawa ana 5. Asiyetoa sauti yoyote hata ukimbana kucha ana 1. Anayegumia tu bila neno linaloeleweka ana 2. Kazi iko kati ya 4 na 3, na hapo nimewaona hata wazoefu wakibishana.

Mfano ulionikaa ni wa motari mmoja, dereva wa pikipiki ya abiria. Alifika anasema, "Majengo, mia tano. Panda mama." Ukimuuliza jina: "Mia tano." Ukimuuliza yuko wapi, anatukana, kisha anarudia "Majengo". Maneno ni safi, kila mmoja anayaelewa, lakini hayajibu chochote. Hiyo ni 3. Mwenye 4 unaongea naye: ukiuliza anajibu, na jibu lina kichwa na miguu, ila si la kweli. Anakwambia yuko kwake Sake na wewe ni mwalimu wa mtoto wake. Yule anayeimba wimbo wa kanisa beti zote bila kukosea huku hakujibu, msimpe 4 kwa sababu ya sauti nzuri.

Kabla ya kupunguza alama, hakikisha lugha. Hapa analetwa mama wa Kinande, mzee wa Kihunde, mwingine Kinyarwanda tupu, halafu stajeri anamuuliza kwa Kifaransa cha darasani! Nimeona mama akipewa 2, mpaka mfagiaji wa wodi alipomsalimia kwa lugha yake wakaanza kuulizana habari za nyumbani. Muulize pia ndugu kama mgonjwa husikia vizuri, na kama siku zote huongea hivyo. Mkulima asiyefuata kalenda, mimi humuuliza kama watu wanapanda au wanavuna.

Mwenye bomba kooni hapewi 1. Andika kwamba sehemu ya maneno haipimiki, na sababu yake. Watoto wadogo wenye malaria kali wana kipimo chao, cha Blantyre, kinachosikiliza kilio badala ya majina na miezi. Na mtu yeyote aliyechanganyikiwa, pima sukari ya damu mara moja, hata akinuka pombe. Hasa akinuka pombe.

Fishi isiyo na kitu ila "Glasgow 12" hainisaidii nikipokea zamu. Andika Y (macho), V (maneno) na M (mwendo) kila moja peke yake, na pembeni maneno yenyewe aliyosema. Aliyekuwa 5 saa mbili usiku akawa 4 saa nne, mwite daktari. Usiseme ana usingizi. Damu inayojikusanya ndani ya fuvu inaweza kumwacha mtu aongee vizuri kwanza, kisha imzimishe.

Yule motari, kulipokucha, aliuliza nani ana funguo za pikipiki yake. Wodi nzima ilicheka kwa furaha, stajeri akataka kuandika 5. Nikamwambia amuulize mwezi kwanza. Akakosea, tukaandika 4.