Maswali yenu kuhusu Alaska Highway mwezi wa tano

Tangu niseme kwamba mwezi wa tano tuliendesha Alaska Highway, ile barabara ndefu ya kwenda Alaska, kutoka Dawson Creek, Kanada, mpaka Beaver Creek karibu na mpaka wa Alaska, maswali yamekuwa mengi, ngoja nijibu yale yanayorudi rudi.

Mwezi wa tano si ndo joto tayari? Bado tubebe makoti?

Bebeni, tena mazito. Dawson Creek utakuta miti inachipua, unatembea na shati tu, ila ukishapita Fort Nelson barabara inapanda mpaka Summit Lake, karibu mita 1,300, na huko theluji inaweza kukudondokea mchana kweupe. Sisi Muncho Lake tulikuta ziwa bado limeganda, barafu ishakuwa ya kijivu na imeanza kuachana na ukingo, pale kwenye upenyo maji ni ya kijani kabisa, tukazima gari tukawa tunasikia barafu inalia yenyewe kama bati linalokunjwa. Tairi za theluji usizitoe, sheria ya British Columbia, jimbo la Kanada mnaloanzia safari, kwa barabara za milimani inaishia tarehe 30 Aprili lakini milima haijui tarehe.

Mafuta na neti vipi?

Ukiona sheli jaza, hata kama tenki iko nusu. Fort Nelson mpaka mji wa Watson Lake ni kama kilomita 500 na sheli ni za kuhesabu, na zingine mwezi wa tano hazijafungua bado. Neti sehemu kubwa haishiki, kwa hiyo ramani pakua mapema, na hali ya barabara angalia tovuti ya DriveBC, ukiingia Yukon, eneo la Kanada linalofuata, angalia 511 Yukon.

Kaka naogopa dubu, tutawaona?

Mtawaona dada yangu, manake ndo wametoka kulala njaa inawauma na majani machanga yanaota kwanza pembeni ya barabara. Kaeni ndani ya gari, vioo juu, msiwape chakula kabisa. Mimi naogopa zaidi baisoni, wanyama wakubwa kama nyati wenye manyoya, wa maeneo ya mto Liard, wanasimama katikati ya lami na ndama zao rangi ya kutu, na usiku huwaoni mpaka umewafikia. Endesha mchana, mbona mwanga upo, mji wa Whitehorse huko Yukon katikati ya Mei jua linakaa angani zaidi ya masaa 17.

Milima si tunayo Kilimanjaro, huko mnafuata nini?

Mount Logan ya Kluane, hifadhi ya taifa ya Yukon, ni mita 5,959, imeizidi Kilimanjaro kidogo tu, kwa hiyo urefu sio hoja. Mimi kilichonishika ni waliotengeneza hiyo njia. Mwaka 1942 jeshi la Marekani lilipeleka askari zaidi ya 10,000, na karibu theluthi yao walikuwa weusi, wametengwa kwenye vikosi vyao, wengi wametoka kusini kwenye joto wakaletwa kwenye matope, mbu na baridi ya kuua. Mto Sikanni Chief hao weusi walijenga daraja la mbao chini ya siku nne, wakiingia majini wenyewe kwenye maji ya barafu. Na tarehe 25 Oktoba, hapo Beaver Creek, Koplo Refines Sims Jr., mweusi aliyekuwa anakuja toka kaskazini, akakutana msituni na Alfred Jalufka, mzungu wa kikosi cha kusini, wakashikana mikono juu ya mabuldoza yao. Nilisimama hapo muda mrefu na wanangu nikawasimulia yote, nataka walijue hilo kabla ya kuijua milima.

Watoto hawatachoka?

Watachoka, kwa hiyo Liard River Hot Springs msiipite. Unatembea kwenye njia ya mbao juu ya kinamasi halafu unaingia kwenye maji ya moto ya asili, upande mmoja yanafika nyuzi 52 huko usiwapeleke, wakae upande wa chini.

Siku ngapi zinatosha?

Mpaka Whitehorse ni zaidi ya kilomita 1,400, msifanye chini ya siku nne. Mkiendelea, pale Kluane karibu na mlima Tachäl Dhäl tafuteni kondoo weupe mlimani, chukueni darubini. Baada ya kijiji cha Destruction Bay punguzeni mwendo kabisa, ardhi ya chini inaganda na kuyeyuka, lami imekuwa mawimbi mawimbi, sisi boksi la maji lilitoka siti ya nyuma likatua mbele.