Kuvuta ndege kwenye ua mkavu wa Ruai: anza na maji
Dada, umesema unataka ndege waje, lakini ua wa nyumba yako huko Ruai, Nairobi, ni vumbi tupu, mti hakuna, na mtama unaoumwaga huliwa na njiwa peke yao. Usivunjike moyo. Penye ukame maji huwavuta hata ndege wasiogusa nafaka. Chukua sahani pana ya udongo, ile ya kuwekea chungu cha maua, tia maji ya kina cha vidole viwili hivi, na jiwe lichomoze katikati. Ndege hutua juu ya jiwe, hugeuza kichwa huku na huku, ndipo ainamishe mdomo. Iweke peupe, paka asipate pa kuvizia. Isugue na ubadilishe maji kila asubuhi, maana maji yaliyolala huzaa mbu na kueneza magonjwa kwa ndege. Hilo nakusihi usilipuuze.

Ukutani panda mshubiri (aloe). Hauhitaji maji mengi, na ukichanua, chozi, yule ndege mdogo anayefyonza maua, atakuja mwenyewe kuzamisha mdomo wake uliopinda. Ndege aina ya kwezi huenda ukawaona mapema zaidi.

Ukitaka kujifunza majina ya ndege, shirika la uhifadhi la Nature Kenya hufanya matembezi ya kutazama ndege kila Jumatano asubuhi kuanzia Makumbusho ya Taifa, Nairobi. Nenda, na ukiwa na darubini ibebe.