Warsha ya sanaa mseto: anza na kinachochelewa kukauka

Katika kambi ya siku tatu au nne ya sanaa mseto, yaani kuchanganya rangi, karatasi, vitambaa na vitu vya kubandika kwenye kazi moja, kinachowakwamisha wengi ni maji. Gundi nyeupe na rangi ya akriliki hukauka kwa maji kutoka ndani yake kwenda hewani, na hewa ya Entebbe, Jinja au Kampala, hapa Uganda, wakati wa mvua, Machi hadi Mei na tena kuanzia Septemba, tayari imebeba maji mengi. Tabaka ambalo kwenye jua la Januari hukauka ukinywa chai, mwezi wa Aprili linaweza kulala bichi. Kwa hiyo kabla hujalipa, muulize mwandaaji kama kuna banda au chumba chenye paa na upepo wa kukaushia kazi usiku, na umeme ukikatika itakuwaje. Mashine ya kukaushia nywele husaidia, lakini bila jenereta ni mzigo tu begini.

Njoo na mbao zilizokwisha andaliwa. Plaiwudi ya milimita 6, vipande vitatu au vinne vya sentimita 20 kwa 20, inatosha. Kanvasi laini hubonyea ukianza kubandika vitu vizito. Piga msasa namba 120, paka tabaka mbili za jeso (rangi nyeupe ya msingi ya wachoraji), na kati yake pitisha msasa namba 220. Kama huna jeso, rangi nyeupe ya maji ya ukutani iliyochanganywa na gundi nyeupe kidogo inafaa. Bila gundi, ile ya bei nafuu huacha chokaa inayochubuka pamoja na kolaji yako, yaani vipande ulivyobandika. Bandika pia karatasi nyuma ya ubao. Karatasi ikilowa hutanuka, ikikauka hujivuta, na ikiwa upande mmoja tu ubao hupinda kama chapati iliyosahauliwa kwenye kikaango.

Gundi haina kipimo kimoja. Kwa karatasi nyembamba, sehemu mbili za gundi kwa moja ya maji. Kwa kitenge au karatasi nene, gundi tupu. Paka ubaoni na nyuma ya karatasi, kisha sukuma hewa kwa kadi ngumu kutoka katikati kwenda pembeni. Malengelenge hutokea mahali ambapo gundi haikufika. Gazeti lina mvuto wake, lakini hugeuka manjano kwa mwanga. Ukitaka maandishi yadumu, yatoe fotokopi.

Hiyo fotokopi iwe ya mashine ya wino wa unga. Picha za printa ya wino wa maji huchuruzika mara tu gundi inapozigusa. Kampala, maduka ya Nasser Road yatakutolea unachotaka, na uombe pia nakala zilizopinduliwa kama kwenye kioo, kwa sababu katika zoezi la kuhamisha picha maandishi hutokea kinyume. Paka ubao gundi ya akriliki, laza nakala kifudifudi, kandamiza, acha hadi kesho yake. Ndipo ulowanishe mgongo wa karatasi na kuusugua kwa ncha ya kidole mpaka nyuzi zitoke. Anayesugua jioni ileile huondoa picha pamoja na karatasi, na hapo hakuna dawa.

Warsha nyingi hapa zitakupa lubugo, kitambaa cha gome la mti wa mutuba. Utengenezaji wake uko kwenye orodha ya UNESCO ya urithi usioshikika tangu 2008. Gome hubanduliwa wakati wa mvua, shina hufunikwa kwa majani ya ndizi, na mti huota gome jingine. Matundu na viraka vilivyoshonwa ni vya kawaida, usikatae kipande kwa ajili yake. Kwa maoni yetu ndivyo vinavyokifanya kipendeze. Tatizo lake ni kwamba hunywa rangi. Ukipaka moja kwa moja, rangi huzama na kuwa tope. Paka kwanza gundi iliyozimuliwa nusu kwa nusu mahali utakapochora tu, maana sehemu iliyopakwa hukolea na hairudi. Ukishona, mishono iwe ya sentimita moja hivi: mishono ya karibukaribu hutoboa nyuzi kwa mstari, na kitambaa huchanika hapohapo.

Majani na nyuzi za mgomba zikaushwe kabisa kabla hujaja nazo. Jani bichi chini ya gundi huoza polepole na kuota ukungu. Shanga, vifuniko vya soda na mbegu nzito vifungwe kwa waya mwembamba uliopitishwa kwenye matundu ya ubao. Gundi peke yake haistahimili mtikisiko wa bodaboda.

Sasa ratiba. Asubuhi ya kwanza fanya yaliyo mazito: vitambaa, vitu vya kubandika, tabaka nene. Mchana fanya kazi ya penseli au uzi kwenye ubao mwingine wakati huo wa kwanza unakauka. Ukigusa ubao kwa mgongo wa mkono na kuhisi baridi, bado haujakauka. Gundi yenye weupe pembeni, bado pia. Rangi ya mafuta ije mwisho juu ya akriliki. Akriliki juu ya mafuta hubanduka. Na ukikuta vanishi kwenye meza ya siku ya mwisho, ipite. Ikifungia unyevu hugeuka ukungu mweupe. Ukaipake nyumbani baada ya wiki mbili.

Kwa safari, panga mbao uso kwa uso na karatasi ya kuokea katikati. Kaveera (mfuko wa plastiki) usiweke, kwa sababu hunata kwenye akriliki, hasa ndani ya taksi iliyopigwa na jua. Zungusha kadibodi nje, funga kwa kamba, na ubebe mapajani.