Huyo sio shomoro, dada

Dada, hao ndege wadogo uliowapiga picha ukauliza kama ni shomoro, waliokuwa wanawarukia miguuni mkila pale Horombo, kambi ya Mlima Kilimanjaro, sio shomoro. Shomoro ana mdomo mnene wa kuvunjia punje. Huyu wa kwake mwembamba, mweusi, wa kudonolea wadudu, halafu anasimama wima juu ya jiwe kama askari wa zamu. Mimi namwita tu kandege ka kambini. Kisayansi ni Pinarochroa sordida.

Ukitaka uhakika, tazama mkia akiruka. Katikati ni mweusi, kando zote mbili mweupe kabisa. Mwili mzima ni rangi ya vumbi, ndiyo maana picha yako haionyeshi kitu! Akitua hatulii, anachezesha mkia na mabawa.

Huyu ni ndege wa chini. Anatafuta wadudu kwenye nyasi na mawe, na kiota anakificha humo humo kwenye mashungi ya nyasi. Mkipanda Kilimanjaro kwa njia ya Marangu msimtafute msituni. Subirini miti iishe. Horombo, mita 3,720, hata humtafuti, anakuja mwenyewe. Mlima Kenya yupo pia, na Ethiopia.

Ila mkate msimpe. Anajitosheleza kwa wadudu, na makombo yanawaita kunguru wale wakubwa wenye shingo nyeupe. Hao ni wezi hasa. Mimi niliwahi kugeuka nifunge kamba za viatu tu, mayai yangu mawili ya kuchemsha yakaondoka.