McLaren Vale kwa baiskeli: anza baharini, mvinyo baadaye

Wageni wakija Adelaide, mji wa Australia Kusini, wengi huomba kupelekwa McLaren Vale kuona mashamba ya zabibu, na karibu wote hudhani safari ni ya gari. Mimi nawaambia wachukue baiskeli, ila wasianzie kwenye mvinyo. Anayeingia kwenye vyumba vya kuonjea saa nne asubuhi hufika pwani amechoka, jua kali, na upepo unampiga usoni.

Huo upepo ndio wa kuupangia siku. Siku za joto, nchi kavu hupata moto haraka kuliko maji, basi mchana hewa ya Ghuba ya St Vincent huanza kuvuma kutoka kusini-magharibi kuingia bara. Asubuhi kwa kawaida pametulia. Kwa hiyo asubuhi pita pwani, mchana geukia vilimani, upepo ukusukume mgongoni.

Panda treni mjini Adelaide hadi Seaford, mwisho wa reli. Baiskeli zinaruhusiwa, epuka tu saa za watu kwenda na kutoka kazini. Vaa helmeti kabla hujakanyaga pedeli, maana Australia ni sheria. Kutoka hapo fuata pwani kwenda kusini. Utapita Maslin Beach, ambayo upande wake wa kusini watu wanaruhusiwa kuoga uchi tangu 1975. Nasema mapema nisije nikalaumiwa na aliyeongozana na mama mkwe. Ogelea Port Willunga. Nguzo za gati la zamani bado zimesimama mchangani, na chini ya jabali kuna mapango madogo yaliyochimbwa na wavuvi. Meli zilikuwa zikipakia hapo vigae vya mawe kutoka machimbo ya Willunga, mji unaouendea sasa.

Barabara ya kupanda Willunga haina mteremko wa kutisha, ila ina magari. Sheria inamtaka dereva akuachie mita 1 panapokuwa na kikomo cha kilomita 60 kwa saa au chini yake, na mita 1.5 zaidi ya hapo. Wengi hutii. Kilima maarufu cha Willunga, alikoshinda mwendesha baiskeli Richie Porte miaka 6 mfululizo kuanzia 2014 hadi 2019 katika mashindano ya baiskeli ya Tour Down Under, kiko nyuma ya mji. Kiache kama hukuja kutafuta sifa.

Sasa habari ya pancha. Huku kuna mbigili za pembe tatu: hata zikianguka vipi, mwiba mmoja hutazama juu. Ukipata pancha usikimbilie kuingiza tyubu mpya. Pitisha kidole taratibu ndani ya tairi, mzunguko mzima, kwa sababu ncha huvunjika na kubaki kwenye mpira, haionekani kwa nje, na itatoboa hata hiyo mpya kabla hujafika mbali. Beba tyubu mbili na pampu. Kuanzia Agosti hadi Novemba kuna pia ndege aitwaye magpie, mweusi na mweupe, anayelinda kiota kwa kuwashambulia waendesha baiskeli kwa nyuma. Wapo wanaochomeka vijiti vya plastiki kwenye helmeti mpaka wanafanana na nungunungu. Mimi nashuka, natembea nikimtazama, nikishapita napanda tena.

Kutoka Willunga hadi McLaren Vale ni raha tupu. Njia ya Shiraz Trail imepita palipokuwa na reli iliyofunguliwa 1915 na kufungwa 1969, na kwa kuwa treni haipandi mlima wa ghafla, nawe hupandi. Mizabibu iko kulia na kushoto, ila usiingie katikati ya mistari kupiga picha. Kuna mdudu mdogo mno aitwaye filoksera anayekula mizizi. Australia Kusini haijawahi kuvamiwa naye, na udongo wa kwenye viatu au tairi unatosha kumleta.

Hapa ndipo uonje. Chagua sehemu moja, mbili zikizidi. Kionjo ni kama mililita 30, hivyo vitano ni glasi nzima, na bado una baiskeli mkononi. Tumia chombo cha kutemea. Hakuna anayekushangaa, watengeneza mvinyo wenyewe hutema siku nzima. Kuendesha baiskeli ukiwa umelewa ni kosa kisheria. Asiyekunywa hapotezi siku: kuna zeituni na lozi za huku huku, na chakula kizuri.

Msimu? Machi. Zabibu zinavunwa, na joto la Januari linaloweza kuvuka nyuzi 40 limeshapungua.

Kurudi Seaford fuata njia ile ile ya reli ya zamani. Mzunguko wote ni karibu kilomita 40. Mvinyo ukikupendeza, waombe wakutumie nyumbani, chupa za kioo zina uzito kwenye kilima cha mwisho. Na kwa kuwa treni inaanzia Seaford, ukiwahi mlangoni unapata pa kuegesha baiskeli.